Paji la Uso la Warigia

Wamae, mpiga picha wa Karatina, alikuwa mtu wa haya, na mwaka ule wa 1969 alizungumza zaidi na mwanga kuliko na watu. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja. Mteja aliketishwa hapo hata saa nzima, mpaka ukungu wa mlimani uinuke na jua limguse shavu. Hapo ndipo Wamae alipobonyeza kamera, mara moja tu. Kisha, kwa penseli iliyochongwa kama sindano, aliziba makunyanzi kwenye negetivu ya filamu, na watu wakatoka wororo kama mayai. Kwa hilo alisifiwa hadi Nyeri.

Asubuhi moja mzee Theuri aliingia na picha ya mkewe, aliyezikwa siku nane zilizopita.

"Wamae, huyu msichana ni wa nani?"

"Ni mama Warigia, mzee."

"Warigia wangu alibeba kuni miaka arobaini. Mkanda wa mzigo ulimchimba bonde kwenye paji la uso. Huyu ukimtuma mtoni atauliza njia."

Wamae akatazama viatu vyake. "Nilidhani ni adabu kuliondoa."

"Adabu." Mzee akaketi kwenye kiti kile kile cha dirishani. "Kidole changu kilikuwa kikilala humo. Sasa nimesahau ni upande gani ulikuwa na kina zaidi. Siku nane tu. Na picha nyingine sina."

Penseli hufutika, lakini wakati mwingine Wamae alitumia wembe, na wembe haufutiki. Hakukumbuka alitumia kipi. Alitoa negetivu kwenye bahasha, akaiinua dirishani, akaigeuza polepole. Haikuwa na mkwaruzo. Akaipangusa kwa pamba yenye spiriti, taratibu, kama anayemwosha mtoto uso.

Hakuwahi kumwingiza mtu katika chumba cha giza cha kusafishia picha, lakini siku hiyo alimshika mzee mkono. Chini ya taa nyekundu karatasi ililala ndani ya dawa, nyeupe tupu. Kisha, kama kitu kinachotoka ukunguni, kikaja kitambaa cha kichwa, yakaja macho. Halafu bonde, jeusi, likakata paji la uso kama njia ya miguu mgongoni mwa kilima. Jua lile Wamae na Warigia walilolisubiri lilikuwa limelichora lote.

Theuri akainama. Kidole chake kikasimama juu ya dawa, bila kugusa.

"Kushoto," akasema. "Ulikuwa upande wa kushoto."