Shamba la Bertille na Treni ya Asubuhi

Bertille Mwange, binti ya Grégoire Kisimba aliyelaza reli upande wa Nyemba jua likimuchubua mugongo; mujukuu wa Kaite aliyekataa kulima pamba ya Wabeleji akalala kizuizini bila kutoa chozi; mujane wa Toussaint aliyefunga breki za mabehewa mpaka mukono ukapinda. Naye mwenyewe alikimbia vita na miti ya mihogo ya kupanda kichwani, wakati wengine walibeba magodoro. Tuliporudi, nani alikula kwanza? Yeye. Na sisi kwake.

Mimi ni wifi yake, dada ya Toussaint, na haya ninayosema niliyaona.

Shamba lake liko kando ya reli, pale muto Lukuga unapopinda. Zamani treni ya watu ilipita hapo kila asubuhi ikitupeleka Kalemie, na jioni ikaturudisha. Ikafa. Siku hizi reli inaona mizigo tu, tena siku inapojisikia, na sisi tunapanda moto, pikipiki za kukodi. Mvua iliyopita, Nadine, muke wa Aristote mwana wa Bertille, alianguka nayo, na beseni lake la ndagala, dagaa wa biashara, likamwagika lote kwenye tope.

Basi mwaka huu akaja Landry wa biro, ofisi ya reli, na kizibao cha rangi ya machungwa. Treni ya asubuhi inarudi, alisema, na gare ndogo, kituo cha kupandia, itajengwa kwenye shamba la Bertille. Ang'oe mihogo.

"Bado michanga," Bertille alimujibu.

"Mama, haya ni maendeleo."

"Maendeleo ndiyo yalikula shamba la huyu." Akanionyesha kwa kidole. Ni kweli. Walichukua langu wakisema wanajenga depo ya reli. Leo kuna nyumba ya ghorofa ya muntu mukubwa, na mbwa wake wananibwekea mimi, mwenye udongo.

Nadine alikasirika. "Mama, utatunyima treni kwa ajili ya muhogo?"

"Muhogo unauona kwa macho. Treni iko wapi?"

"Itakuja!"

"Hata baba mukwe wako alikuwa ananiambia anakuja kula saa sita."

Tulicheka sote isipokuwa Nadine. Landry akasema juma lijalo masini ya kuvuta treni itapita na behewa moja, kwa majaribio.

"Basi isimame hapa kwanza," Bertille alisema, "ndiyo ning'oe."

"Haiwezi kusimama pasipo gare, Mama."

"Wakati wetu, mwanamuke mwenye muzigo alipandisha kitenge hewani, na mashinisti mwenye kuendesha akafunga breki. Gare ilikuwa mukono wa muntu."

"Hiyo ilikuwa zamani. Sasa kuna kanuni."

"Ahaa. Nilijua tu."

Siku ya majaribio aliteremka relini bila kuaga. Nikamufuata, maana namujua. Masini ilipotokea kwenye kona, alifungua kitenge cha juu, akakipandisha. Ikapiga honi. "Bertille, toka hapo, hiyo inapita tu!" nikapaza sauti. Hakushusha mukono. Chuma kikalia, masini ikatupita, behewa likatupita, nami nikaanza kusema si nilikuambia. Ikasimama.

Dirishani akachungulia muzee Élisée, mashinisti aliyefanya kazi na Toussaint. "Panda basi, Mama! Unaenda wapi?"

"Siendi popote. Nilitaka kujua kama inasimama."

Élisée alicheka mpaka akashika dirisha. Landry alishuka behewani amevimba. "Mama, umesimamisha treni ya majaribio!"

Bertille alikuwa ameshaingiza kichwa ndani ya behewa. Mulikuwa na mifuko ya simenti tu. "Watu watakaa wapi?"

"Viti vinakuja."

"Basi mihogo yangu inangoja viti."

Hata hivyo, kesho yake alishika jembe. Aling'oa mistari ya karibu na reli, nafasi ya mwanamuke kusimama na beseni lake, basi. Miti ya ile mihogo aliisimamisha kivulini, isikauke. Kisha akamuita Nadine, akamuwekea kitenge mukononi.

"Kila asubuhi treni ikija, simama hapa upandishe hiki. Ikisimama, ingia uende na ndagala zako. Ikikupita, usilie. Shika jembe, urudishe miti ya mihogo udongoni siku hiyo hiyo. Na ukiona matofali yanashushwa hapa, usiulize ni ya nini; ile ghorofa ilianza hivyo. Kaa juu yake, utume muntu aniite."