Kumfuata Zawadi kwenye Dansi ya Migongo

Ninyi majirani wa Kasongo mnanijua. Mimi ni mutu wa kibaraza. Hata sokoni naona ni mbali. Kwa hiyo mliponiona nimepanda moto, pikipiki ya kukodi, kwenda Wamaza, wengine mlisema nimefiwa, wengine mkasema nimelewa. Hapana. Nilikuwa namfuata mke wangu.

Wale ambao hamkujua kilichotokea, nawaeleza. Zawadi anacheza dansi ambayo watu wa kwao wanaiita dansi ya migongo. Haina hatua za kujifunza. Watu wawili wanagusana, bega kwa bega au mgongo kwa mgongo, mmoja anampa mwenzake uzito wake, mwenzake anaupokea, na miili inaenda kule uzito unakoipeleka. Aliileta mwalimu Bahati, mwanamke wa Wamaza aliyejifunza Bujumbura, na kila mwaka mpunga ukishavunwa wachezaji wote wanakusanyika kwao. Siku moja, mbele ya watu, nilisema kwamba mwanamke anayeegemewa na kila mutu hana tofauti na ukuta wa buveti, pale walevi wanapokunywa. Watu walicheka. Zawadi hakucheka. Kesho yake alienda kwa mama yake, huko Wamaza, na miezi mitatu ikapita. Halafu ukaja ujumbe wake: nije kwenye mkutano wa mwaka huu, nicheze dansi moja tu, ndipo tuongee. Nisipokuja, atatumwa mutu kuchukua nguo zilizobaki.

Saa kumi na mbili asubuhi tulitoka Kasongo. Nilibeba blanketi, sufuria, dawa ya homa, dawa ya tumbo, na dawa nyingine ambayo sikumbuki ni ya nini lakini niliogopa kuiacha. Motari, mwendesha moto, jina lake Idi, aliniuliza kama nahama. Nikamwambia aendeshe polepole. Akasema polepole iko, lakini mashimo hayajui polepole.

Saa nne tulifika darajani. Daraja lenyewe ni magogo mawili na mbao chache zilizochoka. Idi alivuka na moto yake akipiga mluzi. Mimi nilikaa chini nikavuka kwa matako, nikishika gogo kama mutu anayeshika ndugu yake wa mwisho. Nyuma yangu kulikuwa na wanawake na vikapu vya mihogo kichwani. Mmoja akasema, taratibu kabisa, "Papa, ukifika huko ng'ambo utuambie. Siye mihogo inaanza kuota."

Saa saba, barie, askari wamefunga njia kwa kamba. Waliniuliza nafuata nini Wamaza, dhahabu? Nikasema naenda kucheza. Walitazama mvi zangu, wakatazama sufuria, wakashusha kamba bila kuuliza tena.

Saa tisa, Wamaza. Zawadi alinipa kiti, akanipa maji kwa mikono miwili, akaniuliza habari za njia. Hivyo ndivyo mutu anavyopokea pasta. Lile daraja halikuniogopesha kama adabu ile. Mama mukwe alikuwa ndani. Kwa desturi yetu mwanaume hamgusi mama mukwe wake, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani yeye ndiye anaingia kwenye majani mpaka mama apite. Miaka kumi na mmoja nimeingia kwenye majani hayo. Hata mkono wake siujui. Alinisalimia kutoka ndani, akauliza kama watu wa Kasongo wamenifukuza au nimetoka mwenyewe.

Asubuhi yake, uwanjani. Walikuja watu wa Lusangi, walikuja wachimbaji wa dhahabu wa Salamabila wenye mabega kama magunia ya chumvi. Hapo ndipo nilipomwona mama mukwe amefunga kitenge chake vizuri, anangoja kucheza kama wengine. Hawakuniambia mapema, Zawadi alieleza baadaye, kwa sababu walijua nisingekuja. Lakini mwalimu Bahati alikuwa amefikiri: wakwe wote aliwatenga, mmoja upande huu wa uwanja, mwingine upande ule. Kisha akatoa sheria mbili. Katika dansi ya kwanza macho yanafungwa, na unampokea yeyote unayekutana naye. Na ukitaka kuondoka, usiondoke mara moja. Kwanza mrudishie mwenzako uzito wake kidogo kidogo, mpaka asimame mwenyewe. Sheria ya pili sikuisikia vizuri. Nilikuwa natazama ni mchimbaji yupi ataniponda.

Tulifunga macho. Nilisikia pumzi nzito kulia kwangu, nikasogea kushoto. Nikasikia nyingine, nikasogea tena. Nilisogea kinyumenyume kwa woga hivyo hivyo mpaka mgongo wangu ukakutana na mgongo mwingine, mdogo, wenye joto, ulionuka moshi wa jikoni. Ulinipokea. Niliacha uzito kidogo, nikaacha mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu Kasongo nikasahau kuogopa. Na wenyewe ukaniegemea, mzima mzima.

Kisha ule mgongo ukakohoa. Kikohozi kile nimekisikia miaka kumi na mmoja kutoka ndani ya nyumba.

Niliruka. Kwa kuwakwepa wachimbaji nilikuwa nimefika mpaka upande wake wa uwanja. Mama mukwe akaanguka chali, mguu ukajikunja chini yake, na watu wote wakafungua macho. Nikageuka kutazama miti, kama desturi inavyotaka, huku yeye yuko chini.

Zawadi alikuja. Hakupiga kelele. "Umemukimbia mama," alisema.

Nilijibu kwamba ilikuwa heshima. Mama mukwe akasema kutoka pale chini, "Heshima yako imenivunja muguu, mukwe."

Kituo cha afya kiko ng'ambo ya kilima, na pikipiki zote zilikuwa zimeenda Salamabila. Wachimbaji walijitolea kumbeba. Akawakatalia. Aliyemwangusha ndiye ambebe, alisema, na kama desturi imekasirika, yeye na desturi watazungumza wenyewe baadaye. Basi nilipiga magoti, akapanda mgongoni kwangu. Zawadi alitembea pembeni, ameshika ule mguu usitikisike.

Tukaanza kupanda kilima. Mama mukwe aliniambia sikioni, "Nikiwa muzito useme. Lakini usiniache tena bila kusema."

Katikati ya kilima, mikono yangu imejaa, siwezi kujificha wala kutazama pengine, nilimwambia Zawadi kwamba lile neno la buveti lilikuwa baya, na nililisema ili watu wacheke. Alichosema ni nipinde kushoto, kuna jiwe.

Muuguzi alisema mguu haukuvunjika, umeteguka; alale majuma mawili. Ndugu zao walikaa kikao, tukatoa kuku mweupe wa kusafisha kule kugusana, mambo yakaisha. Nikabaki majuma mawili hayo nikichota maji na kupasua kuni, mimi ambaye hata kulala kwa jirani kunaniumiza kichwa. Kila jioni niliwaza: Je, mama akipona, nitarudi na nani?

Siku ya kurudi, saa moja asubuhi, Idi alikuwa tayari. Nilisimama karibu na moto, sikuthubutu kumwita Zawadi. Alitoka na mfuko mmoja. Alikuwa amefika Wamaza na miwili. Nikautazama ule mmoja.

"Zingine zibaki kwa mama," alisema. "Mwaka kesho nitakuja kuzivaa. Na weye utakuja, si kutazama."

Nilikubali haraka kuliko nilivyowahi kukubali kitu. Nimejifunza nini huko? Kwamba kumtoroka mutu aliyekuegemea ni kumwangusha, hata ukiita heshima. Zaidi ya hapo sijui. Mnaniuliza kama amerudi kabisa. Nguo nusu ziko hapa, nusu ziko kule, na mimi bado naogopa kumuuliza.