Tangi Lililopasuka Mbele ya Watoto

Mwanangu, iko siku moja ambayo sijaisahau hata sasa. Ilikuwa saa nne asubuhi, watoto wa shule wamepanga foleni na ndoo zao, na mimi nimevaa gauni jipya nikisubiri kupigiwa makofi. Sikupigiwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi sanifu, msichana pekee katika kundi la watu sita, na ndimi niliyekuwa naliongoza. Ofisi ilinikabidhi mradi wangu wa kwanza: kujenga tangi la maji ya mvua kwenye shule moja ya msingi, ukishapita Igoma kuelekea Kisesa. Shule ile iko juu kwenye mawe. Ukisimama mlangoni mwa darasa la saba unaliona ziwa lote kule chini, lakini maji ya kunywa watoto walitoka nayo nyumbani kwenye vidumu.

Nilitaka kuheshimiwa, nakwambia ukweli. Wale wanaume wote walikuwa wamenizidi umri, na fundi mkuu wa kujenga, Mzee Masanja, alikuwa sawa na baba yangu. Basi nikachora ratiba kubwa nikaibandika ukutani stoo. Wiki hii msingi, ile kuta, ile nyingine plasta, mwisho kukabidhi. Hatua ikiisha naikata kwa kalamu nyekundu, na ikishakatwa hakuna kurudi nyuma. Kila Jumatatu naitisha kikao, nazungumza mimi, wao wanaitikia, "Sawa, bosi." Nikadhani huko ndiko kuongoza.

Sasa, kwenye rundo letu la mchanga walikuwepo watoto waliokuwa wakicheza kila wakitoka darasani. Kiongozi wao alikuwa Kulwa, msichana wa miaka tisa hivi, pamoja na pacha wake Doto, na mdogo wao Shija ambaye hata shule hajaanza. Walipotuona tunajenga tangi, nao wakaanza kujenga la kwao kwa udongo, kimo cha goti. Ila wao walitia maji kila siku. Likivuja wanapiga kelele kwa kicheko, wanabomoa, wanaanza upya. Siku moja Kulwa akanifuata.

"Shikamoo, dada fundi."

"Marahaba."

"Mbona nyie hamtii maji mkaona?"

"Litajazwa likiisha. Hii siyo michezo. Na huo mchanga wetu mnaumaliza, tokeni hapo."

Akaondoka. Nikarudi kwenye ratiba yangu.

Siku ya kukabidhi yakaja maboza mawili ya maji, maana mvua za msimu zilikuwa bado na mimi sikutaka wageni waone tangi tupu. Yakamwaga maji mpaka juu. Wazazi wamekaa kwenye viti, mwalimu mkuu ameshika karatasi ya hotuba, foleni ya watoto imefika karibu kabisa na bomba. Wa mbele alikuwa Kulwa.

Nikasikia mlio mkavu, kama mtu amevunja kuni kwa goti. Nikageuka. Juu ya bomba, ukutani, palikuwa na mstari mwembamba wa maji unaopanda taratibu. Niliuona, mwanangu. Niliuona na sikufanya chochote.

"Ondoeni watoto! Ondoeni watoto!"

Alikuwa Mzee Masanja. Alikimbia na umri wake ule, akamkamata Kulwa kwa mgongo wa gauni akamrusha pembeni, akawasukuma waliofuata, na ukuta ukafunguka. Maji yalitoka na matofali. Viti vilielea. Akina mama walikuwa wanaita majina ya watoto wao, kila mtu jina lake kwa wakati mmoja, na mimi nimesimama kwenye tope, gauni limelowa mpaka kiunoni, nawahesabu watoto na kusahau nimefika wangapi.

Mungu alisaidia, hakufa mtu. Lakini Mzee Masanja aliangukiwa na kipande cha ukuta, mguu ukavunjika sehemu mbili.

Jioni ile nilimfuata hospitali. Nilitaka kumwomba radhi, nikaanza kueleza habari za saruji mbovu. Akaniacha nimalize.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mzee?"

"Zege la msingi, upande wa bomba, lilinyeshewa na kile kimvua cha usiku mmoja kabla halijashika. Nilikuja stoo kukuambia tulibomoe. Ukanionyesha ile kalamu yako nyekundu, ukasema, 'Mzee, msingi tumeshaufunga.' Nikanyamaza. Na mwenzangu wa kuchanganya zege alijua. Na wa nondo alijua."

Watu watatu kati ya sita! Kuanguka kwa ukuta kulinishtua. Hilo la kunyamaziwa ndilo lililonimaliza.

Baada ya siku chache nikarudi shuleni kuangalia kifusi. Niliwakuta watoto palepale mchangani. Tangi lao lilikuwa limesimama, limejaa maji, na kuzunguka tundu la kutolea maji wamepanga vijiwe.

"Hili la ngapi?" nikauliza.

"La tisa," Kulwa akajibu.

"Mengine yako wapi?"

"Yalipasuka." Alisema hivyo kama mtu anayekwambia amekula ugali.

"Na hivi vijiwe nani alisema mviweke?"

"Shija. Alisema panavuja hapa kwenye tundu. Tukabomoa, tukaweka mawe."

"Shija huyu? Hamkumkatalia?"

Wakatazamana, wakacheka. Doto akasema, "Si kweli palikuwa panavuja?"

Niliketi kwenye ule mchanga nikalia mbele yao. Shija akanimwagia maji kiganjani ninawe uso.

Ofisi ilitaka kuniondoa. Mwalimu mkuu ndiye aliyeniombea nijenge upya nilichoharibu. Safari hii ratiba sikubandika. Kila asubuhi tulisimama pamoja, dakika chache tu, kila mtu aseme jana amefanya nini, leo anafanya nini, na nini kimemshinda. Kibarua mgeni kuliko wote ndiye aliyeanza. Mimi nilisema mwisho. Tukajenga kidogo, tukatia maji kidogo, tukaacha siku mbili, tukatazama. Tulibomoa mara mbili na hakuna aliyefokewa. Tuliwaita watoto wajaribu bomba, wa darasa la kwanza wakashindwa kulifikia, tukalishusha. Mzee Masanja alikuja kwa magongo, akauzunguka ukuta akiugonga kwa vidole. "Sasa hili limeulizwa maswali," akasema.

Mwanangu, umeniambia umepewa timu, na kwamba kazini kwenu mnafanya mradi kwa vipande vidogo na kukutana kila asubuhi mkiwa mmesimama. Vizuri. Lakini unaweza kusimama kila asubuhi na watu wako bado wakaficha. Kinachotakiwa ni ule moyo wa mtoto. Mtoto haoni aibu kuuliza kwa nini. Anajaribu kitu chake kingali kidogo, kikiharibika halii siku nzima, na anayeona kasoro anasikilizwa hata kama ni mdogo kuliko wote. Mpango uwe nao, ila ukubali kuufuta. Na mtu wako akikujia na habari mbaya, mwambie asante kabla hujamwambia lingine lolote, maana siku akinyamaza hutajua amenyamaza.

Mungu akupe watu wanaokupenda kiasi cha kukukatalia. Akupe na masikio ya kuwasikia mapema. Kazi ya mikono yako isimame, na mtu yeyote asiumie kwa sababu yako. Nenda na amani, mwanangu.