Kazi Ambayo Nyundo Hakuibonyeza

Chumba cha dharura kizima walimwita Nyundo, na jina hilo hakulipata kwa kuimba kwaya. Mgonjwa akija kalewa, anarusha viti, anataka kumng'ata daktari, anayeitwa ni yeye. Miaka kumi na moja. Meno mawili aliyaacha hapo hapo hospitalini, na kidole kimoja hakikunjiki mpaka leo.

Zamani msimamizi alikuwa anaona kwa macho yake nani kachoka. Siku hizi wahudumu wanagawiwa kazi na programu ya kwenye simu: inamtafuta aliye karibu, asiye na kazi mkononi, inamlilia king'ora. Ukibonyeza "Nimemaliza" tu, hata jasho hujafuta, inakutupia nyingine. Basi wakajitafutia ujanja: maliza kazi, usibonyeze, kanywe chai. Programu itadhani bado unahangaika. Wote walifanya hivyo, na mimi ningefanya.

Wote isipokuwa mdogo wake Nyundo, binti wa tumbo moja naye, mwenye wiki tatu tu kazini. Nyundo ndiye aliyemwombea nafasi ile. Mama yao alimwambia, "Nakukabidhi huyu. Nisimwone na hata mkwaruzo." Nyundo alimfundisha ule ujanja, lakini binti hajui uongo. Kila akimaliza, anabonyeza.

Jumatatu hiyo, saa nne asubuhi, Nyundo alimshika mgonjwa wa chumba cha tano mpaka akashonwa. Hakubonyeza. Akajiendea zake stoo ya mashuka na kikombe chake cha chai.

Chumba cha pili kikaletewa jibaba lililopasuliwa kichwa kwenye ugomvi, na bado lina hamu ya kupigana. Programu ikamtafuta Nyundo, ikamkuta ana kazi. Ikampa aliye huru.

Nyundo alisikia chuma kikigonga ukuta. Kisha akasikia mdogo wake akipiga kelele.

Alikuta jibaba limeshika nguzo ya dripu kwa mikono miwili, linashusha. Binti yuko sakafuni, mkono umepinda mahali pasipo na kiungo, damu imemjaa usoni. Nyundo akalirukia, akalibamiza kabatini, vioo vikamwagika. Likampiga ubavu, kitu kikavunjika ndani. Akalishindilia ngumi, tena na tena, hata lilipolegea hakuacha, maana hasira yenyewe haikuwa ya lile jibaba peke yake. Wauguzi watatu ndio waliomng'oa.

Msimamizi akatazama simu yake. "Pole, Nyundo. Ulikuwa chumba cha tano, ungefikaje?"

Mdogo wake alikuwa analitazama shati la kaka yake lililolowa chai.

"Kaka," alisema polepole, "hukubonyeza?"

Nyundo akatoa simu, akabonyeza. King'ora kikalia papo hapo: chumba cha pili, mgonjwa wa kike, apelekwe upasuaji.

Akashika kitanda alicholazwa mdogo wake, akaanza kusukuma.