Fungu la Mama

Kokuhirwa wa Kishanda hakuwa mtu wa kufanyiwa mzaha. Enzi hizo za Mwingereza dawa za kifua kikuu zilikuwa ndiyo kwanza zimefika Muleba, na Protase, dresa wa zahanati, alimkabidhi vidonge vya mumewe, Ishengoma. Akamwambia, "Usimwachie mwenyewe. Mpe, umwone akimeza."

Basi kila asubuhi alimsimamia kama askari. Ishengoma alipeleka kiganja mdomoni, akanywa maji, akatabasamu. Mke akaenda zake kibanjani, kwenye shamba lao la migomba na kahawa, moyo umetulia. Lakini mwanamume akazidi kukonda, na Kokuhirwa hakuelewa kwa nini.

Siku moja alimpelekea mama mkwe wake, Kokwijuka, ndizi za kupika. Bibi huyo alikuwa akikohoa tangu masika ila alificha, maana mwenye kifua watu walimkwepa hata kwenye kahawa ya kutafuna, zile buni kavu wanazogawana wageni na wenyeji. Akasema kwa furaha, "Ahsanteni, wanangu. Vile vidonge mnavyonigawia vinanisaidia."

Kokuhirwa hakuwahi kumgawia hata kimoja. Alirudi nyumbani akamkabili mumewe.

"Unavificha wapi?"

"Kiganjani," Ishengoma alisema. "Nusu nameza, nusu nampelekea mama. Hata kahawa sijawahi kutafuna peke yangu yeye akiniangalia. Dawa ningemezaje?"

Jamani, mtu wa namna hiyo utamgombeza kwa maneno gani? Kokuhirwa alilia tu. Laiti angesema! Zahanati ilikuwa na dawa za kumtosha yeye na mama yake, tena bure.

Protase aliwaanzishia wote wawili upya. Bibi alimeza dozi yake kamili, akapata nafuu. Ishengoma hakupata. Dresa alisema ugonjwa umekwisha kuizoea dawa, akasema hivyo huku anatazama pembeni. Walimzika kibanjani, msimu wa kuchuma kahawa.

Matanga yalipokwisha, Kokuhirwa alimpelekea mkwewe vidonge vya asubuhi. Bibi alivishika mkononi, hamezi.

"Mwanangu, niambie kweli. Vile alivyokuwa akinipa, vilikuwa vya ziada?"

 Tangu aolewe, Kokuhirwa hakuwahi kumdanganya mama huyu.

"Vya ziada, mama. Yeye alimeza vyake vyote. Sasa meza."

Bibi alimeza. Kokuhirwa akamwomba afungue viganja vyote viwili, akavitazama, ndipo akaenda nyuma ya nyumba kulia.