Mapafu ya Mtu, Mutobe wa Mama

Kila asubuhi, kabla ya chai, napuliza. Nina kifaa kidogo kama simu, chenye mrija wa plastiki. Navuta pumzi mpaka mbavu ziume, kisha naitoa yote kwa nguvu, na namba inatokea. Namba hiyo naiandika kwenye fomu ya utafiti. Watafiti wanatufuatilia sisi tuliobadilishiwa mapafu: nani kapata maambukizi, mwili wa nani umeanza kuyakataa mapafu ya mgeni, nani anaendelea kuishi na anaishi vipi. Nilikubali kuandikishwa kwa sababu muuguzi aliyeniomba alikuwa mpole, na kwa sababu, niseme ukweli, nilitaka kuwe na mtu wa kuniuliza hali kila wiki. Katika mji wa Ulaya nilikokimbilia hapakuwa na mwingine.

Fomu ilinichekesha na kuniudhi. Iliuliza naishi na watu wangapi. Nilipojibu kwamba naishi peke yangu, muuguzi alisema vizuri sana, hatari inapungua. Kwetu anayekula peke yake ni mchoyo au mchawi. Mimi nilikula peke yangu miaka mitatu, nikapongezwa.

Nilikuwa mwalimu huko Uvira, mji wetu wa ziwani karibu na mpaka wa Burundi, mpaka vita vya mwanzo viliponitoa. Mapafu yangu yalikauka ugenini, na hakuna daktari aliyejua sababu. Waliniuliza kama nilifanya kazi mgodini. Nikawajibu kwamba vumbi pekee nililolila ni la chaki.

Nilipopata nguvu nilitaka kwenda kumwona mama. Kwa kuzaliwa ni mama mdogo, lakini ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, na sina mwingine. Daktari alisema nisiende. Nikawaka, nikamwambia mapafu ni ya mtu lakini miguu ni yangu. Alicheka, akanipa makatazo: nivae barakoa, nikae mbali na mwenye kikohozi, nisinywe kikombe kimoja na mtu. Dawa zinazouzuia mwili wangu kuyakataa mapafu zinauondolea kinga pia. Kikohozi ambacho wengine hukitibu kwa chai ya tangawizi, mimi kinaweza kunizika.

Nilifika Rugenge, mtaa wa mama huko Uvira, mchana. Uani kwa mama walikuwa wamejaa majirani na akina mama wa kanisa lake. Mama ni Mprotestanti, kasiksi, pombe ya ndizi, haiingii nyumbani kwake. Alikuwa amekamua mutobe, yale maji matamu ya ndizi mbivu, na alijua ninavyoupenda. Alikuwa amekonda, na alikuwa anakohoa. Alijaza kikombe, akapiga funda moja mbele ya wote, akaninyooshea kwa mikono miwili.

Kwetu ndivyo ilivyo. Anayekupa kinywaji hukionja kwanza, ili wote waone hakina sumu. Kutoka Luvungi kule tambarare mpaka huku kwetu ziwani, watu wanaiogopa sumu kuliko risasi, na hawaitazamii kutoka kwa adui. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo anayekupenda huonja.

Niliona alama ya midomo yake kwenye ukingo wa kikombe. Nikasema, "Aksanti mama, siwezi."

"Juu ya nini?"

"Daktari alinikataza."

"Daktari alikukataza miye?"

Hapo ningenyamaza. Lakini mwalimu hanyamazi. Nikaanza kueleza, nikiwa na barakoa usoni, habari za vijidudu na mapafu ya marehemu nisiyemjua. Jirani mmoja akadakia, "Kumbe weye iko na mapafu ya mufu!" Mwanamke aliyekaa karibu yangu akasogeza kiti chake. Nami, nikitaka kumaliza aibu, nikasema neno ambalo mtu wa Uvira hasemi mbele za watu: "Mama, nipe kwenye kikombe kingine."

Kuomba kikombe kingine ni kusema cha kwanza kina sumu. Mama aliumwaga ule mutobe chini, taratibu, akaingia ndani.

Siku zilizofuata alinipikia ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, kama kawaida, akaniwekea sahani yangu peke yangu, akaenda kula jikoni. Niliona ni bora nimeze mawe. Nilikuwa nimesafiri nusu ya dunia ili nile peke yangu tena, hatua chache kutoka kwenye sufuria yake. Nilimwomba msamaha mara mbili. Mara zote mbili alisema, "Nilisikia," akaendelea kuchambua mboga za lengalenga.

Kisha nikasikia majirani nyuma ya ukuta wa matofali. "Mama ule, hata mutoto yake mwenyewe anamuogopa. Juu ya nini?" Jirani aliyekuwa akipokezana naye kuchota maji alianza kwenda bombani bila kumwita. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mimi nina tiketi ya kurudi. Yeye atabaki na jina la mulozi, mchawi anayewatilia watu sumu. Na wakati wa vita mjane mzee hakimbii peke yake. Hukimbia na majirani, wakikubali kumchukua.

Vita havikungoja. Asubuhi moja barabara ilijaa watu wa tambarare, wa Lubarika na vijiji vya karibu, magodoro kichwani, mbuzi wakiburutwa kwa kamba. Tulisikia mizinga kwa mbali. Wakasema mpaka wa Burundi utafungwa usiku huohuo. Dawa zangu zilikuwa zimebaki chache. Zikiisha, mapafu yanakataliwa, hakuna mjadala. Mwenye pikipiki alikuwa ananingoja mlangoni. Nilimsihi mama apande nyuma yangu. Akasema hawezi kuacha nyumba wazi, atatoka na wenzake jioni. Wenzake walikuwa uani kwao wanafunga mizigo, na hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Nikavua barakoa. Nikasema kwa sauti ya darasani, "Mama, niko na kiu."

Alinigeukia. Akaingia ndani, akatoka na kikombe kimejaa. Hakuonja. Alikinyoosha hivyohivyo, akanong'ona, "Kunywa, mutoto yangu. Sikugusa. Nilikiosha na maji ya moto."

Kumbe alikuwa ameelewa. Kumbe siku zote zile, akichambua mboga, alikuwa anayafikiria mapafu yangu. Majirani walikuwa wameacha kamba zao wanatazama: kikombe ambacho mwenye nyumba hakukionja. Alikuwa tayari waseme watakavyo, mradi mimi nipone. Nilitaka kulia na nilitaka kumgombeza.

"Onja kwanza," nikasema.

"Hapana."

"Mama, onja."

Akaonja. Alikohoa kidogo, akafuta mdomo kwa kitenge. Nikakichukua, nikanywa mpaka tone la mwisho, pale alipogusa yeye. Jirani wa bomba akaja, akaomba kidogo na yeye, mama akamjazia, akanywa. Sijawahi kunywa kitu kitamu namna ile.

Homa ilinianza siku chache baada ya kufika Ulaya. Kwanza maambukizi, halafu mwili ukaanza kuyakataa mapafu. Walinitia dawa za mishipani, nikanusurika, lakini namba yangu ya asubuhi ilishuka na haikurudi juu tena. Muuguzi wa utafiti alikuja kando ya kitanda na fomu yake. Aliniuliza nafikiri niliupata wapi ugonjwa.

"Kwenye ndege," nikasema.

Akaandika. Ni mwanamke mwema, na kazi yake inataka ukweli. Najua nimeuharibu utafiti wake kwa mstari mmoja. Lakini ningetaja kile kikombe, wale wa nyuma ya ukuta wangekuwa wamesema kweli, na ningekuwa mimi niliyewaandikia ushahidi.

Mama alinipigia wiki hiyo kutoka Burundi, kwenye hema alikolala pamoja na wale majirani. Simu ilikuwa inakatika. Aliuliza kwanza, kabla hata ya salamu, "Ile mutobe haikukufanya kitu?"

"Hapana, mama. Hakuna kitu."

Nikamsikia anawageukia wenzake, sauti yake imepanda kwa furaha: "Munasikia? Mutoto yangu alikunywa kwangu, na iko muzima!" Wakapiga vigelegele. Nilikuwa nimelala na mrija wa oksijeni puani, nimejiziba mdomo kwa shuka ili asinisikie nikikohoa.