Ile Mbili ya Mbele

Mama yangu alipiga magoti kwenye kokoto, mlangoni pa ofisi ya walimu, akampa shikamoo mwanamume wa rika la mwanawe wa kwanza. Yule mwalimu wa hesabu hakuitikia. Aliendelea kunywa chai. Mimi nimesimama nyuma ya mama, kidato cha pili, na jibu langu lilikuwa sahihi.

Mama alitoka kijijini Nalasi kwa basi, kaacha korosho zimelala chini, kwa sababu nilisema neno darasani. Mwalimu alichora ubaoni grafu iliyopinda kama bakuli. Ilikata mstari wa kulala kwenye 2 na 5, ule wa kusimama kwenye 20. Tutafute mlinganyo wake. Akaandika mwenyewe: y = (x − 2)(x − 5). Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, vigawo viko sawa. Ila x ikiwa sifuri, inatoka kumi, na grafu inapita ishirini. Mbele ya mabano iwekwe mbili."

Darasa likacheka, na si mimi niliyechekwa. Hapo ndipo nilipokosea.

"Wewe wa korosho, umekuja Songea kunifundisha?"

Kuweka sifuri ahakiki, hakuweka. Akanichapa, akataka nikiri mbele ya wenzangu kuwa nimedanganya. Nikagoma. Ndipo akaniambia nilete mzazi.

"Mwanangu, si useme tu yaishe?" mama akaniambia pale kokotoni. Hakujua kusoma.

"Aweke sifuri kwanza, mama."

Mkuu wa shule hata hakuomba kuiona grafu. Akasaini barua ya kunifukuza. Tukarudi Nalasi, na mama amezikwa huko akiamini alizaa mwongo.

Leo nauza nyanya Msamala, hapa hapa Songea. Mwalimu kastaafu, anafundisha tuisheni mtaa wa pili, akipita ananiita mama nyanya, anaomba nyongeza. Juzi binti yangu kaleta daftari la tuisheni ya huko kwake. Bakuli lile lile, 2, 5 na 20. Chini yake, kwa mwandiko wa mwalimu mwenyewe: y = 2(x − 2)(x − 5).

Kumbe unaijua.

Basi nijibuni, mwalimu, na wewe mkuu uliyesaini: hiyo mbili mliijua lini, na kwa nini hakuna aliyekuja Nalasi kumwambia mama yangu? Mimi nipo hapa kwenye meza yangu kila siku. Njooni mseme, tena kwa sauti, wateja wasikie.